Kanisa Lililojengwa Usiku: Safari Yangu ya Savannah

Kutoka Atlanta hadi Savannah ni karibu kilomita 400, na sehemu kubwa ya njia ni misonobari pande zote mbili. Abiria wenzangu walilala. Mimi sikuweza. Nimelelewa katika kanisa la Kibaptisti, na tangu nikiwa kwenye kwaya ya vijana nilikuwa nikisikia kwamba huko Georgia kuna watumwa waliokuwa na kanisa lao kabla Marekani haijapata rais wake wa kwanza. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Mtu asiyemiliki hata mwili wake anamilikije kanisa?

Asubuhi yake nilikwenda Franklin Square. Ni uwanja mdogo wenye kivuli kizuri, na katikati pamesimama sanamu za askari weusi wa Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, waliopigana hapa mwaka 1779 katika vita vya uhuru wa Marekani. Kanisa la First African Baptist linatazamana na uwanja huo. Wageni huingizwa kwa makundi na kuongozwa na waumini wenyewe. Nashukuru kwamba ni waumini, kwa sababu dada aliyetuongoza aliwataja wazee wa zamani kama mtu anavyowataja babu zake.

Alianza na George Liele. Huyu alizaliwa mtumwa, akaokoka, akaanza kuhubiri kando ya mto Savannah, akasimikwa kuwa mchungaji mwaka 1775. Mwenye kummiliki, Henry Sharp, alikuwa shemasi na alimpa uhuru. Sharp alipouawa vitani, warithi wake wakataka kumrudisha Liele utumwani, akafungwa gerezani. Mwaka 1782 Waingereza walipoondoka Savannah, naye aliondoka kwenda Jamaika, na huko Kingston akaanzisha kazi ya Kibaptisti. Lakini kabla ya kupanda meli alibatiza watu wachache, na miongoni mwao walikuwa Andrew Bryan na mkewe Hannah.

Hao wachache ndio mbegu. Bryan alihubiri bila mchungaji wa kumsaidia, na wenye mashamba wakaogopa mikutano ya watumwa. Yeye na ndugu yake Sampson walikamatwa pamoja na wenzao na kuchapwa viboko hadi damu ikatiririka. Bryan, damu ikimtoka, aliwaambia waliokuwa wakimpiga kwamba anafurahi kuchapwa, na yuko tayari hata kufa kwa ajili ya Kristo. Bwana wake, Jonathan Bryan, aliwaruhusu kukusanyika katika ghala la shamba la Brampton, na hapo ndipo tarehe 20 Januari 1788 kusanyiko lilipoundwa rasmi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mateso ya kanisa la kwanza la Matendo ya Mitume. Siku hiyo niliyaelewa kwa namna ambayo mimbari haikuwahi kunifikisha.

Kisha tukapanda roshani. Naomba msomaji anivumilie hapa, maana ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Mabenchi ya juu ni yale ya zamani, yaliyochongwa na watumwa, na ubavuni mwake kuna alama walizozikata kwa mikono. Jengo lenyewe lilikamilika mwaka 1859. Waliolijenga walikuwa waumini, wengi wao watumwa, nao walikuja baada ya kazi ya mchana kwa mabwana zao. Masimulizi ya kanisa yanasema wanaume walifyatua na kupanga matofali usiku, na wanawake waliyabeba kwenye aproni zao. Masimulizi hayo yanaongeza kwamba fedha za kununulia kiwanja mwaka 1832, dola 1,500, zilikuwa na akiba ambayo watu walikuwa wameiweka ili wajikomboe. Nilipitisha kiganja kwenye ukuta wa ndani. Sikuwa na la kusema.

Chini, kwenye sakafu, kuna mashimo madogo yaliyotobolewa kwa mpangilio wa umbo la almasi lenye msalaba ndani yake. Inasimuliwa kwamba chini ya mbao palifichwa watumwa waliokuwa wakitoroka, katika nafasi isiyozidi futi nne kwenda juu, na mashimo yalikuwa ya kuwapitishia hewa. Mpangilio huo unafanana na alama ya Wakongo: msalaba unaoonyesha mwendo wa jua, na mstari wa katikati ukiwa maji yanayotenganisha walio hai na waliokufa. Kwa mtu wa Kibantu kuikuta alama hiyo ng'ambo ya Atlantiki, ndani ya nyumba ya ibada ya dhehebu lake, ni jambo zito. Waliovushwa bahari kwa minyororo hawakufika mikono mitupu.

Mchungaji aliyeanza mipango ya jengo hili, Andrew Marshall, mpwa wa Bryan, hakuliona likikamilika. Alikuwa mzee sana alipokwenda majimbo ya kaskazini kuchangisha fedha, akafariki njiani akirudi, mjini Richmond, mwaka 1856. Marshall ndiye pia aliyekuwa kiini cha mgawanyiko wa 1832, pale alipoyapa nafasi mafundisho ya Alexander Campbell, mhubiri aliyewataka Wakristo waachane na madhehebu. Wengi walihama naye kuja Franklin Square, na wachache wakabaki kwenye kiwanja cha zamani.

Hao waliobaki ndio First Bryan Baptist, na nilikwenda kwao kwa miguu mchana ule ule, upande wa mtaa wa Yamacraw. Makanisa yote mawili yanajiita mzaliwa wa kwanza. Kwa maoni yangu yote mawili yana haki: First African lilichukua watu wengi na jina, First Bryan lilibaki na ardhi. Andrew Bryan alinunua kiwanja hicho cha Yamacraw mwaka 1793, baada ya kujikomboa mwenyewe.

Jioni nilimalizia Madison Square, kwenye nyumba ya Green-Meldrim. Hapa, tarehe 12 Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea mwisho, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini na Waziri wa Vita Edwin Stanton walikutana na viongozi 20 weusi wa makanisa. Kila mmoja alijieleza, na maelezo yao yaliandikwa. William Campbell, mchungaji wa First African, aliandikwa kuwa na washirika wapatao 1,800 na mali ya kanisa yenye thamani ya dola 18,000, ila wadhamini wake walikuwa wazungu. Walipoulizwa watajitunzaje, msemaji wao Garrison Frazier, mhubiri wa Kibaptisti aliyejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000, alijibu kwamba wapewe ardhi wailime kwa jasho lao. Siku nne baadaye Sherman alitoa amri ya kuwagawia familia za watu waliowekwa huru mashamba yasiyozidi ekari 40 kila moja katika pwani hiyo.

Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuyarudisha mashamba hayo kwa wamiliki wa zamani. Kile kiwanja cha Yamacraw kilichonunuliwa mwaka 1793 bado ni mali ya kanisa.