Mkono Ulioshuka Kabla ya Injini

Leo mchana nimefanya ukaguzi wangu wa pili wa umahiri wa kurusha helikopta kwa mwaka huu. Nimefaulu, karatasi imesainiwa na mwajiri wangu amekwisha kuarifiwa. Lakini tangu nirejee nyumbani sijaweza kuufurahia ufaulu huo, na ndiyo maana naandika usiku huu huku upepo wa Oktoba ukitikisa mabati, kabla jambo alilolibaini mtahini halijaanza kufifia kichwani mwangu.

Kwa wasomaji wasio wa kazi hii, niseme kwanza kwamba leseni ya rubani wa biashara si cheti cha kufungia kabatini. Tanzania ni mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na Kiambatisho cha Sita cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinamtaka mwendeshaji wa helikopta za biashara apime umahiri wa kila rubani wake mara mbili ndani ya mwaka, pamoja na uwezo wake wa kukabiliana na dharura. Kinaongeza kwamba kaguzi mbili zinazofanana, zikifanyika ndani ya miezi minne mfululizo, hazitoshi peke yake kutimiza sharti hilo. Nimekuwa nikikipenda kifungu hicho tangu nilipokisoma mara ya kwanza, kwa kuwa aliyekiandika alimjua binadamu: alijua yupo atakayefanya ukaguzi mmoja Desemba na wa pili Januari, kisha akae miezi kumi na moja akiamini kwamba mikono yake bado ni ileile. Mimi nimevuka umri wa miaka 40 na narusha abiria bila rubani mwenza, kwa hiyo hata cheti changu cha afya ni cha miezi sita, wakati vijana wanapewa cha miezi 12. Simlalamikii aliyepanga hivyo.

Mtahini, mzee aliyeanza kurusha helikopta mimi nikiwa bado shule ya msingi, alikuwa amependekeza turuke saa moja asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Nilimwomba twende saa nane mchana. Uwanja wa Dodoma uko karibu futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto la nyuzi 31 kama la leo hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba injini na mapanga ya rota hufanya kazi kana kwamba viko kwenye futi 6,500. Rubani aliyepimwa alfajiri kule Dar es Salaam, bahari ikiwa pembeni yake, amepimwa katika hewa ambayo siyo hii atakayokutana nayo akitua Kondoa au Mpwapwa saa saba mchana akiwa na watu watatu ndani. Helikopta inayosimama hewani kwa raha kule pwani, huku kwetu inaweza kuhitaji karibu nguvu yake yote ili isimame juu ya miti, mahali ambapo hewa inayokandamizwa na ardhi haiisaidii tena. Mzee alinitazama kidogo, akasema, “Sawa, Kapteni. Twende wakati kazi yako inapofanyika.”

Asubuhi tulimaliza maswali ya mdomo na karatasi. Vifaa vya uokoaji, mizigo ya hatari, uzito na mlingano, hayo yalikwenda bila shida. Alikaa zaidi kwenye jambo moja ambalo hatuwezi kulifanyia mazoezi angani, yaani hali ya ndege kupoteza uzito ghafla rubani anaposukuma usukani mbele kwa nguvu. Kwenye helikopta yenye mapanga mawili, ndege hujiviringisha kulia yenyewe, na silika ya mtu yeyote ni kuirudisha kushoto. Silika hiyo ndiyo inayoua, kwa sababu kitovu cha rota kinaweza kugonga mhimili wake na kuukata. Jibu ni kuuvuta usukani nyuma taratibu kwanza ili rota ipate tena mzigo, ndipo usawazishe. Kulijaribu hewani kumekatazwa, na ni sahihi kukatazwa. Alinifanya nilieleze mara tatu, mara ya tatu akiwa amenifumbisha macho, mkono wangu wa kulia ukiwa juu ya meza umeshika kalamu mahali pa usukani.

Sasa nieleze kilichotokea mchana.

Injini ya helikopta ikizimika angani, ndege haianguki kama jiwe, mradi rubani ashushe kolektivu mara moja. Kolektivu ni wenzo ulio upande wa kushoto wa kiti, unaobadili ulalo wa mapanga yote kwa pamoja. Ukishushwa, hewa inayopanda kutoka chini wakati ndege inateremka huendelea kuyazungusha mapanga, na nguvu ya mzunguko huo ndiyo unayoitumia kutua salama. Hiyo ndiyo otorotesheni. Ukichelewa kuushusha, mzunguko hupungua. Kwenye Robinson R44 ninayoirusha, king'ora hulia mzunguko unaposhuka chini ya asilimia 97, na tunafundishwa kwamba rota hupoteza kabisa uwezo wa kubeba kwenye asilimia 80, ukiongeza asilimia moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Ukiifanya hesabu hiyo juu ya Dodoma, ndege ikiwa futi 1,300 kutoka ardhini, unapata asilimia 85. Nafasi aliyonayo mwenzangu wa pwani baada ya king'ora kulia, mimi sinayo yote, na rota ikishafika hapo hewani haifufuki.

Tulikuwa magharibi ya mji, njia ya kuelekea Bahi, chini yetu mashamba makavu yakisubiri mvua na mibuyu isiyo na jani hata moja. Mtahini akasema, “Otorotesheni ya mazoezi. Tatu, mbili, moja,” kisha akairudisha injini kwenye mngurumo wa chini. Mishale miwili ya mita, wa injini na wa rota, ikaachana. Pua ikataka kwenda kushoto, nikaizuia kwa pedali ya kulia. Mwendo ukatulia kwenye noti 70, takriban kilomita 130 kwa saa. Tulipofika kama futi 40 nikainua pua kuuvunja mwendo, nikaisawazisha ndege, injini ikarudishwa, tukasimama hewani juu ya kiwanja kilekile nilichokichagua tukiwa juu. Ilikuwa safi, na nilingoja aniambie hivyo. Alinyamaza mpaka tulipopanda tena, kisha akasema kwa upole, “Mkono wako umeshuka kabla ya injini, mwanangu.”

Alisema kweli. Nilikwisha kuanza kushusha kolektivu alipotamka “mbili”. Nilikuwa nimefuata hesabu yake, wala sikuwa nimeisikiliza ndege. Na nilipojiuliza ni tangu lini nimekuwa nikifanya hivyo, nilihisi baridi mgongoni, kwa sababu jibu linaweza kuwa miaka.

Tulikubaliana jambo jipya. Kati ya pale na reli ya SGR angetamka neno “injini” wakati wowote anaotaka, bila kuhesabu, naye asingegusa injini mpaka aione kolektivu imeshuka. Kwa hiyo alichokuwa akikipima ni muda wangu tu, na ndege haikuwa hatarini. Alinisubirisha. Aliniuliza mafuta yamebaki kiasi gani, nikamjibu. Aliniuliza upepo unatoka wapi, nikautazama moshi wa shamba moja nikamjibu. Mnara ukaniita kunijulisha juu ya ndege ya abiria iliyokuwa ikija kutua, nikabonyeza kitufe kujibu, na nikiwa katikati ya maneno yangu akasema, “Injini.”

Nilimaliza sentensi yangu. Nilimwambia mwongoza ndege mahali nilipo, nikataja mwinuko wangu, nikaachia kitufe, ndipo mkono wa kushoto ukashuka. Mzee alikuwa ameitazama saa yake ya mkononi. Zilikuwa sekunde tatu. Muda alionao rubani wa ndege kama hii, nguvu ikikatika ghafla akiwa safarini, huhesabiwa kwa sekunde moja au mbili.

Watengenezaji wenyewe, Robinson, wametoa taarifa za usalama zinazonihusu moja kwa moja. Taarifa namba 27 inaonya kwamba kumkatia rubani nguvu ya injini kwa kumshtukiza kunaweza kuua, na namba 38 inasema kwamba mazoezi ya otorotesheni husababisha ajali nyingi za mafunzo. Ndiyo sababu watahini huhesabu. Hawahesabu kwa ulegevu. Wanahesabu kwa sababu wenzao walikufa wakishtukiza. Hata hivyo injini ya kweli haihesabu, na hapo ndipo ninapoona ugumu wa ukaguzi wetu ulipo: tunapimwa kwa dharura iliyopiga hodi, tunafaulu, kisha tunaandikiwa kwamba tuna umahiri wa kukabiliana na ile isiyopiga hodi. Njia aliyoitumia mzee leo, ya kutumia neno peke yake na kuiacha injini bila kuguswa mpaka wenzo ushuke, ni njia rahisi, haihitaji fedha wala mashine ya kuigiza safari, na naamini ingepaswa kuwa desturi katika kila mafunzo rejea. Nimekaa katika kazi hii miaka kumi na sita na leo ndiyo mara ya kwanza kufanyiwa.

Mwajiri mmoja niliyewahi kumfanyia kazi alikuwa akitupitisha katika ukaguzi wa dakika ishirini, mzunguko mmoja wa uwanja na kutua mara mbili, kisha saini. Tulishukuru wakati ule, kwa kuwa safari zilikuwa nyingi na kila saa ya mazoezi ilihesabiwa kama saa iliyopotea. Leo nina hasira na yeye, na zaidi nina hasira na mimi mwenyewe niliyesaini chini ya saini yake bila kusema neno, nikijua kwamba siku iliyofuata ningewapandisha watu wasio na namna yoyote ya kujua nilivyopimwa.

Baada ya reli tulifanya kuzama katika mkondo wetu wenyewe wa hewa, yaani ndege inaposhuka wima kwa kasi huku mwendo wa mbele ukiwa mdogo. Nilijinasua kwa njia iliyosambazwa na rubani wa Uswisi, Claude Vuichard: nguvu juu, pedali ya kushoto, usukani kulia, na ndege ikatoka pembeni ikiwa imepoteza mwinuko mdogo kuliko nilivyotarajia kwa hewa ya leo. Hilo liliniridhisha. Kutua kwenye vumbi pia nilikufanya vizuri, kwa sababu ni kazi ya kila wiki huku. Unashuka bila kusimama hewani, jicho lako kwenye kichaka kimoja kilicho karibu mbele ya mlango, ili vumbi likifunika kila kitu uwe tayari umegusa ardhi.

Mwisho alinivika kofia ya kuzuia nisione nje, akaniambia nimeingia kwenye wingu, nami nikageuza nyuzi 180 kwa vyombo na kutoka. Nilikuwa imara. Lakini tulipozima mitambo tulizungumza kuhusu Januari 26, 2020, siku helikopta iliyombeba Kobe Bryant ilipoanguka Calabasas, Marekani, ikaua watu tisa. Rubani alikuwa na zaidi ya saa 8,000 za kuruka. Wachunguzi wa nchi hiyo walieleza kwamba aliendelea na safari mpaka akaingia mawinguni, akapoteza mwelekeo. Mzee aliniuliza ni nani atakayenivika kofia Januari, mawingu yakiwa yamekaa juu ya milima ya Mpwapwa na nyuma yangu ameketi mheshimiwa anayesema, “Kapteni, tutafika tu, si karibu hapo?” Nilimwambia kwamba nimewahi kugeuza mara mbili katika hali hiyo. Akauliza, “Na mara ngapi hukugeuza?” Nilimtajia idadi. Siiandiki hapa, lakini nilimtajia, na alipoisikia aliweka kalamu mezani, akakaa kimya, kisha tukaipitia kila safari moja baada ya nyingine mpaka jua likaelekea kuzama: niliona nini, mwinuko gani, niliambiwa nini, kwa nini sikurudi. Mazungumzo hayo hayamo kwenye fomu, wala hayana kisanduku cha kutia alama.

Kwenye sehemu ya maoni aliandika: “Amefaulu. Mkono wa kushoto unasubiri ruhusa.” Nilimwomba nakala.

Kesho ndege haina safari. Nimempigia simu fundi wetu nikamweleza kila kitu, naye amekubali. Mapanga yakiwa yamefungwa, nitakaa kwenye kiti changu cha kulia na kusoma kwa sauti taarifa za mnara, hali ya hewa, orodha ya abiria, chochote kile kitakachoushughulisha mdomo wangu, na yeye akiendelea na ukaguzi wake huko mkiani atakuwa akitamka “injini” anapojisikia. Aliniuliza anyamaze kwa muda gani kati ya neno na neno. Nimemwambia hilo nisilijue.