Kidoa cheupe kwenye picha ya kifua ya Baba

Baba yangu ana kinundu kwenye pafu la kulia, upande wa juu, na si kansa. Naanza na hilo kwa sababu tangu habari ya eksirei yake ifike Tandahimba, simu zinazonijia hapa Mtwara mjini ni za pole tupu. Shangazi alilia. Jirani akashauri mganga. Najua wapo wengine wanaosomewa majibu ya namna hii wakarudi nyumbani na kuanza kugawa mashamba, ndiyo maana naandika.

Baba analima korosho. Kila msimu wa kupuliza salfa hukohoa kidogo kisha hupona, ila safari hii kikohozi kiligoma, nikamwita mjini. Daktari alitaka makohozi yapimwe kwanza, maana Baba aliugua kifua kikuu ujanani, miaka ya themanini, enzi zile za sindano kila siku kwa miezi miwili. Makohozi yakatoka safi. Ila picha ya kifua ikaonyesha kidoa cheupe cha mviringo, upana wake milimita 8.

Daktari mwenyewe ni binti, mdogo kwangu kwa umri. Hakuandika dawa akatuaga. Alimgeuzia Baba kioo cha kompyuta, akasema, "Mzee wangu, tazama weupe wa hiki, kisha tazama mbavu zako. Ni sawasawa." Weupe wa mfupa unatokana na kalsiamu, na kidoa cha Baba kimejaa kalsiamu hiyohiyo. Mwili unapopigana na vijidudu vya kifua kikuu, huvizungushia ukuta wa chembe zake. Miaka ikipita, mahali pale hukauka, kalsiamu ikajikusanya, likabaki kovu gumu. Kovu hilo haliambukizi, wala halitaki dawa za TB upya.

Alituonyesha na mengine anayoyatazama. Kingo: za Baba ni laini, hazina miiba inayochoma kuelekea pembeni. Ukubwa: kikizidi sentimita 3 hakiitwi tena kinundu, kinahesabiwa ni uvimbe na kinashughulikiwa kwa haraka. Sigara: Baba hajawahi kuvuta. Na nilichokuwa sikijui kabisa, wakati mwingine kidoa kwenye eksirei ni kivuli cha chuchu tu, mtu akapoteza usingizi wiki nzima kwa kiungo alichozaliwa nacho.

Halafu akauliza swali lililomaliza kila kitu: "Mna picha yoyote ya kifua ya zamani?"

Tulikuwa nayo. Mwaka 2016 Baba alianguka na pikipiki akapigwa picha ya mbavu. Filamu ile ilikuwa juu ya kabati, kwenye bahasha moja na stakabadhi za korosho. Mdogo wangu aliibana katikati ya maboksi mawili, akampa dereva wa kosta, nami nikaipokea stendi. Daktari aliiweka kwenye taa, pembeni ya ile mpya. Kidoa kilekile, mahali palepale, upana uleule. Mwaka ule hakuna aliyekitaja, kwa kuwa kilichotafutwa kilikuwa ubavu uliovunjika.

Kwa nini hilo lina uzito mkubwa hivyo? Kansa hukua. Kinundu kigumu cha kansa kwa kawaida huongezeka ujazo mara mbili ndani ya miezi, mara nyingi kabla mwaka na kidogo haujapita. Lakini ujazo ukizidi mara mbili, upana hutoka milimita 8 kufika 10 tu, jambo ambalo jicho la haraka haliwezi kuliona. Ndiyo maana hupimwa kwa vipimo na kulinganishwa. Kigumu kisichobadilika kwa miaka miwili huhesabiwa kuwa salama, na cha Baba kina zaidi ya hiyo. Siti skani haikuhitajika: hela ikabaki, na Baba hakuongezewa mionzi bure.

Asiye na picha ya zamani huenda akaambiwa arudi baada ya miezi kadhaa apigwe nyingine. Watu hukasirika, wanaona wametelekezwa. Hapana, muda wenyewe ndio kipimo. Rudi tarehe uliyopewa. Ila ukikohoa damu, ukikonda bila sababu, ukitokwa jasho jingi usiku, usisubiri tarehe, na mvuta sigara alitaje hilo waziwazi hata kama hakuulizwa.

Na picha zenu, tafadhali, msizitupe. Zisikunjwe, zisiwekwe penye unyevu wala juani. Andika mwaka na jina juu ya bahasha. Hospitali isiyotoa filamu, omba picha kwenye sidii au flashi, pamoja na karatasi ya majibu. Mwambie na mtu mmoja nyumbani zilipo. Za Baba sasa zote mbili zipo kwangu.