Usalama wa Mtandaoni Gredi ya Tano
Juzi nilifundisha usalama wa mtandaoni wanafunzi wa gredi ya tano huku Likoni, na wengi wao, kwa kuwa hutumwa dukani na simu ya mama, walikuwa wanaijua namba ya siri ya M-Pesa ya nyumbani kuliko jedwali la kuzidisha. Tulipiga hesabu: tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000, lakini anayechagua mwaka wa kuzaliwa humpunguzia mwizi kazi hadi kujaribu michanganyiko mia moja hivi tu. Msichana mmoja aliuliza afanyeje akipigiwa na mtu anayedai ametuma pesa kimakosa. Nilimwambia akate simu na amweleze mzazi, ambaye naye, kusema kweli, angefaa kuketi darasani humo.