Selfu Ikigoma, Pima Kabla Hujanunua Spea

Honda CG125 na pikipiki za Kichina zilizojengwa kwa mfumo wake zinadumu miaka mingi, lakini zikishazeeka nyingi huwashwa kwa kiki tu. Mwenye pikipiki alibadilisha betri, akabadilisha mota, selfu (mfumo wa kuwasha injini kwa kitufe) ikagoma vilevile, akaachana nayo. Inauma kuona hivyo, maana mara nyingi ubovu ulikuwa kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha upande hasi wa betri na fremu au injini.

Toa gia, yaani weka fri, washa swichi, bonyeza kitufe, sikiliza.

Ukisikia tatatata, rilei (swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye mota) inashika na kuachia kwa sababu umeme ni mdogo. Kwa tasta, yaani kipima umeme, pima betri iliyopumzika saa kadhaa: volti 12.6 imejaa, 12.0 imekaribia kwisha. Usiishie hapo. Betri iliyochoka huonyesha 12.6 vizuri kabisa, halafu ikaporomoka mota inapoanza kuvuta. Acha tasta kwenye betri, bonyeza kitufe, soma tena. Ikishuka chini ya 9.6 hivi ilhali ilichajiwa ikajaa, betri ndiyo mbovu, au kwa nadra mota imekwama na inavuta umeme kupita kiasi.

Ikibaki juu ya 10 na mota bado inajikokota, betri haina kosa. Mara nyingi umeme unapotelea njiani. Gusisha ncha moja ya tasta kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kishikio cha waya, na nyingine kwenye bodi ya mota. Bonyeza kitufe. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu. Upande wa chanya, toka kwenye nguzo ya betri hadi kwenye skrubu ya waya mnene pale kwenye mota, kipimo kisizidi volti 0.5. Fungua waya wa ethi unapofungwa, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Fremu iliyopakwa rangi upya ni mtego: rangi haipitishi umeme.

Kimya kabisa? Anza na fyuzi, kisha kitufe chenyewe, ambacho hushika kutu ndani kwa mvua. Kwenye pikipiki zenye swichi ndogo kwenye mkono wa klachi, hiyo nayo ikichafuka hukata umeme.

Rilei ikipiga tak moja na mota haizunguki, unganisha boliti zake mbili nene kwa bisibisi nene, kwa sekunde moja tu. Hakikisha iko fri na hakuna petroli inayovuja, kwa sababu cheche zitaruka. Mota ikizunguka kwa nguvu, badilisha rilei. Isipozunguka, na waya umeshaupima, shusha mota.

Toa kwanza waya hasi wa betri. Kabla ya kufungua mota, chora mstari kwenye bodi na vifuniko vyake ili virudi vilivyokuwa, na kumbuka mpangilio wa washa ndogo za kwenye shafti. Brashi za kaboni zikiwa zimelika hadi nusu ya urefu wa mpya, au springi zake zimelegea, weka mpya. Safisha komyuteta (pete ya vipande vya shaba inayoguswa na brashi) kwa msasa laini, kisha kwangua vumbi la kaboni kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba. Pima kati ya shaba na shafti: tasta ikilia, basi armecha, sehemu ya mota inayozunguka, imeungua.

Mota ikivuma bila kuzungusha injini, umeme achana nao. Kilichoisha ni klachi ya selfu, iliyo nyuma ya magneti (gurudumu zito lenye sumaku linalozalisha umeme) upande wa kushoto. Ya aina ya zamani ina rola tatu na springi zake. Rola zikilika au springi zikichoka, zinateleza. Magneti itolewe kwa pula yake, kifaa cha kuivuta. Nyundo huipasua. Boliti zinazoshika klachi zipake gundi ya kushika nyuzi za boliti, maana zikilegea huharibu magneti nzima.

Selfu ikishapona, zungusha mkono wa mafuta kidogo injini ikiwa inaunguruma na upime betri: volti 13.5 hadi 14.5. Ikiwa chini ya hapo, betri mpya itakufa kama ya kwanza. Ikizidi 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, imeharibika na inaichemsha betri.