Kipande cha nondo, darasa la nne

Ilikuwa Julai 2023, baridi ya Moshi imekaza, na watoto wa darasa la nne wamerudisha mikono ndani ya sweta. Walikuwa 74, watatu watatu kwa dawati, nyuma wakibanana wanne. Shule ilitaka tuwafundishe uzingativu, yaani kuiweka akili kwenye jambo moja linalotokea sasa hivi, pumzi au sauti, na ikitoroka kuirudisha bila kujilaumu. Mwalimu wa darasa alisimama mlangoni, fimbo kwapani.

"Shikamooni walimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulisema, "Fumbeni macho, tulieni." Papo hapo mikono ikakutana kifuani, wengine wakakunjua viganja, na kasauti kutoka dawati la mbele kakaanza, "Baba yetu uliye mbinguni..." Darasa likafuatia. Watoto hawakukosea: kwao macho hufumbwa wakati wa sala. Mzazi akisikia kuna sala mpya shuleni, awe Mkristo au Mwislamu, atakuja juu, na ana haki. Tena yupo mtoto ambaye akifumba macho mbele ya mtu mwenye fimbo, anangoja kupigwa. Tangu siku ile macho hubaki wazi, yakitazama dawati.

Kosa la pili ni kikengele cha shaba. Kilipolia, nusu ya darasa ikasimama, maana rimu ya gari iliyotundikwa uani ndivyo inavyowaamuru. Mwalimu akatoka, akarudi na kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa sentimita 30 hivi, kilichobaki kwenye ujenzi wa choo. Ukikishika mkononi kinatoa "ko" basi. Ukikifunga uzi sentimita 7 kutoka ncha moja, ukakiacha kining'inie, kisha ukakigonga kwa kijiko cha chai, kinalia wembamba na kwa muda mrefu, kwa kuwa hapo uzi hauzuii chuma kutetemeka.

"Sikilizeni. Sauti ikikuishia kabisa, nyoosha mkono."

Mikono ikanyooka mmoja mmoja, kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyekosea. Mara ya tatu palikuwa kimya hata kuku wa jirani akasikika. Hilo ndilo zoezi lenyewe, halikuhitaji hotuba. Kwa umri ule dakika moja inatosha, kisha uwaulize wamesikia nini.

Miongozo mingi huanza na nyayo sakafuni. Katika madawati yale miguu ya wafupi inaning'inia, kwa hiyo tulitumia viganja juu ya mbao: baridi iko wapi, penye mkwaruzo ni wapi? Pumzi tuliiweka mwisho. Kidole cha mkono wa kulia kinapanda ubavuni mwa kidole gumba cha kushoto ukivuta, kinashuka upande wa pili ukitoa, hadi vidole vitano viishe. Hapo wengi wakavuta kwa kishindo, mabega juu, wakishindana, na binti wa safu ya tatu akashika kichwa: kizunguzungu. Ukipumua kwa nguvu kupita haja ya mwili, unatoa kabonidioksaidi nyingi mno, na damu inayokwenda kichwani inapungua. Tukamwacha apumue kawaida, kidole kiifuate pumzi badala ya kuiongoza. Mwenye pumu au mafua abaki na sauti au viganja, asilazimishwe pumzi.

Mvulana mmoja akasema taratibu, "Mwalimu, mimi nasikia njaa tu." Ilikuwa saa tatu na nusu, uji bado. Ukimwambia mtoto mwenye njaa ausikilize mwili wake, atakutana na njaa hiyohiyo. Kipindi kikahamia baada ya uji.

Mchana tulikaa na walimu tisa ofisini. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye uzito. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2022, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13, haukuona masomo haya yakiwapa watoto nafuu ya akili kuliko masomo ya kawaida ya malezi, na wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Walimu ndio waliopungukiwa na uchovu wa kazi, angalau kwa muda. Kwa hiyo tuliomba jambo moja: kabla ya kuingia darasani, kiganja kwenye fremu ya mlango, pumzi tatu za kawaida, ndipo uingie. Na uzingativu usigeuzwe adhabu. Ukimfokea mtoto, "Tulia, pumua!", umemfundisha kuiogopa pumzi yake.

Mwalimu wa darasa la nne aliuliza, "Na siku nikiwa nimekasirika kweli?"

Tukamwambia hiyo ndiyo siku ya kusimama mlangoni muda mrefu zaidi.

Kengele ya kipindi cha mchana ilipolia tulimtazama kupitia dirishani. Aliegemeza fimbo ukutani, akaweka kiganja kwenye fremu, mabega yakashuka. Pumzi ya nne, ya tano. Kisha akaingia, na fimbo ikabaki nje.