Siku Moja ya Mwamuzi wa Sataranji ya Mtandaoni

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, chai ikiwa bado inafuka mvuke, nawasha kompyuta mbili na kuhakiki kamera za vijana 48. Saa tatu tunaanza, na kufikia saa tano raundi tatu zimekwisha kwa amani, isipokuwa msichana mmoja aliyekatikiwa umeme huku saa yake ikiendelea kuhesabu. Kwa kanuni zetu, umeme na intaneti ni dhamana ya mchezaji. Kocha wake alinikumbusha, kwa adabu, kwamba mwaka 2020 India na Urusi ziligawana dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji ya mtandaoni baada ya wachezaji wa India kupoteza mawasiliano katika fainali. Ni kweli, lakini uamuzi ule ulitoka kwa rais wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, nami si rais.

Raundi ya nne ndiyo iliyoniharibia siku. Kijana aliyekuwa na alama tatu kati ya tatu alitumia sekunde saba au nane kwa kila hatua, iwe ni kula kete iliyoachwa wazi au kumtoa kafara farasi wake katika nafasi ambayo mimi ningeiumizia kichwa dakika nzima, na kila mara macho yake yalishuka kwanza upande wa kushoto, nje ya skrini. Nilipomwomba atuoneshe meza, kamera ilizimika. Nilimpelekea mwamuzi mwenzangu mchezo ule bila jina, akaona nilichokiona: dalili za kusaidiwa na kompyuta. Saa sita kasoro dakika kumi tukamwondoa.

Simu ya baba yake haikuchelewa. "Ndugu mwamuzi, umemwita mwanangu mwizi mbele ya wenzake." Nilimweleza kwamba tumeandika neno moja tu, "ameondolewa", na kwamba anayo haki ya kukata rufaa. Akaniletea habari za Hans Niemann, mchezaji wa Marekani aliyetuhumiwa kudanganya, akadai dola milioni 100 mahakamani na mwaka 2023 akarudishwa Chess.com, tovuti ya kuchezea sataranji. Nikamjibu kuwa mahakama iliyatupa madai hayo kabla ya pande hizo kupatana, na kwamba Niemann mwenyewe alikiri kudanganya mtandaoni alipokuwa mdogo. Tulizunguka hapo hapo kwa dakika arobaini, wali ukipoa, raundi ya tano ikiendelea kwa mwenzangu.

Sijui ilikuwa saa ngapi walipoanza kupiga simu wale waliofungwa naye. Mpinzani wa raundi ya nne alipewa alama, ila raundi zilizokwisha kufungwa hatuzifungui, kwa kuwa upangaji wote wa wapinzani uliofuata umejengwa juu ya matokeo yake. Msichana wa raundi ya kwanza alisikiliza maelezo yangu yote. "Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo nilifungwa na kompyuta, na bado nimefungwa?" Hilo sikuwa na jibu lake, nami ndiye niliyesimamia kanuni hiyo ipitishwe.

Usiku rufaa ya baba imefika, kurasa nne. Nimeufungua tena mchezo ule, nikarudi kwenye ile hatua ya farasi. Sekunde saba.