Mabakuli ya gazeti: wiki ya nne, na moja limeota ukungu

Naandika haya kabla sijasahau, maana kila nikianza mradi na hawa watoto naapa nitaweka kumbukumbu halafu naishia na picha mbili za simu zenye kivuli cha kidole. Wako saba, wa miaka 6 mpaka 8, tunakutana Jumamosi asubuhi masaa mawili, na safari hii tunatengeneza mabakuli kwa magazeti na uji wa unga, ile kazi inaitwa papie-mashe, jina la Kifaransa, maana yake karatasi iliyotafunwa. Nilipowaambia maana yake mmoja akatia kipande cha gazeti mdomoni. Kosa langu.

WIKI YA 1

Nilianza na puto sababu kila mtu anaanza na puto. Nikapuliza saba usiku wa Ijumaa nikajiona mjanja, kumbe puto halisubiri mtu, hewa inavuja pole pole usiku kucha na kukiwa na baridi hewa ya ndani nayo inajikunja, so asubuhi nimeyakuta yamelegea. Tukabandika hivyo hivyo. Kufika Jumatatu karatasi bado mbichi na puto limezidi kusinyaa ndani yake, ganda likabonyea, saba zote, kama mipira iliyokanyagwa na gari. Halafu moja likapasuka na nikatambaa sakafuni kuokota vipande kimoja kimoja, maana mpira wa puto ukiingia kooni kwa mtoto mdogo ni hatari kweli, unaziba kabisa. Basi puto kwaheri.

Tumehamia bakuli la plastiki, unaligeuza kifudifudi, unalipaka mafuta ya mgando kila sehemu hasa kwenye ukingo, unabandika juu yake. Halisinyai, halipasuki, na karatasi ikikauka inavulika kama kofia. Sijui kwa nini sikuanza na hilo.

WIKI YA 2

Leo tumechana. Yaani nilipanga dakika 10 za kuchana, zikawa 40, na ndizo dakika nzuri kuliko zote tangu tuanze. Kuna kitu sikuwahi kukifikiria mpaka mtoto alipokuja kulalamika kwamba gazeti lake "limeharibika", akivuta linakata kona. Nikalichukua nikachana mimi, kweli linakata kona. Nikaligeuza nikachana upande wa pili, likashuka moja kwa moja kama limepigiwa rula. Karatasi inapotengenezwa kwenye mashine nyuzi zake nyingi zinalala upande mmoja, ukichana kufuata nyuzi inatii, ukizikatiza inaenda inakotaka. Nikawapa kila mtu ukurasa watafute wenyewe "njia" yake iko wapi. Kimya. Watoto saba kimya, unasikia tu chrrr, chrrr. Yule aliyelalamika akawa fundi mkuu, anapita kwa wenzie anawageuzia kurasa.

Mmoja akauliza si tukate tu na mkasi itakuwa haraka. Hapana. Ukingo uliochanwa una manyoya manyoya, ukilowa unalala na kupotelea kwenye kipande cha jirani, ila uliokatwa na mkasi unabaki na ngazi na ngazi hiyo utaiona hata baada ya rangi. Upana wa vidole viwili vya mtoto unatosha. Zile kurasa za majarida zinazong'aa weka pembeni, hazinywi maji, zinateleza tu.

Uji wenyewe: kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 2 vya maji, kijiko cha chumvi ya kuchelewesha ukungu, koroga mpaka mabonge yaishe. Uwe kama rangi ya ukuta, sio kama maziwa. Wakishachovya kipande wakipitishe katikati ya vidole viwili kukamua. Hapo ndio pa kusimamia kwa macho mawili, kipande kisipokamuliwa kinabeba uji mara tatu na hakitakauka leo wala kesho.

Kingine kilichonisaidia sana: safu ya kwanza kurasa za maandishi matupu, safu ya pili kurasa za picha za rangi, ya tatu maandishi tena. Mtoto anaona mwenyewe wapi bado. Sina haja ya kusema "hapa hujaweka, na hapa, na hapa" mpaka nichoshe masikio yangu mwenyewe.

WIKI YA 2 tena, Jumatano

Ukungu. Bakuli moja, upande wa chini, nywele za kijani.

Najua lilivyotokea. Mwenye hilo bakuli aliniomba amalizie safu zote tatu siku hiyo hiyo sababu anataka kupaka rangi, na mimi nikasema sawa, sababu alikuwa na macho yale. Nje likakauka likawa gumu, ndani maji yamefungiwa. Wengine waliweka safu moja tu na nilipoyagusa Jumapili jioni yalikuwa yakavu, yana mlio ukiyagonga. Safu moja, ikauke, ndio nyingine.

Sasa hesabu haiendi. Safu moja inawachukua kama dakika 30. Kipindi ni masaa mawili. Muda wote unaobaki ninazungukwa na "anti, imekauka? anti, na sasa? anti, nikiipuliza?" Wamepuliza. Mmoja amelipepea na sahani mpaka likadondoka.

WIKI YA 3

Nimekuja na kazi za kusubiria. Ya kwanza kusuka karatasi. Wazo sio langu, Friedrich Froebel wa Ujerumani, yule aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, kusuka na kukunja karatasi vilikuwa kwenye shughuli zake. Unakunja karatasi katikati, unakata kuanzia kwenye mkunjo kwenda ukingoni, unaacha kama sentimita 2 usimalizie, ukikunjua una nyuzi za kusukia. Chini, juu, chini, juu, na mstari unaofuata unaanza kinyume. Hapo kwenye "kinyume" ndipo wote wanapokwama, na kipande cha pili kikifuata njia ya cha kwanza hakishiki, kinachomoka, so huhitaji kuwaambia wamekosea.

Ila aisee mikasi. Kuna mtoto mmoja anatumia mkono wa kushoto na nilidhani hajui kukata, karatasi yake inajikunja katikati ya mkasi badala ya kukatika. Nikaushika mkasi wake kwa kushoto mimi mwenyewe nikajaribu. Haukati! Mkasi wa kawaida, dole gumba la kulia linazisukuma bapa mbili zikutane, la kushoto linazitanua, na juu ya hilo bapa ya juu inakuziba usione mstari. Wiki zote hizi nilikuwa namwambia "taratibu, tulia". Nimemtafutia mkasi wa kushoto, ule ambao bapa zimegeuzwa, amekata mstari mzima akanitazama tu bila kusema kitu. Mimi ndio nilitakiwa kusema kitu.

Kazi ya pili ilikuwa ya kujaza dakika 10 za mwisho. Ukanda wa karatasi, unausokota nusu mzunguko, unagundisha ncha, unapata pete. Möbius, Mjerumani mwingine, mtu wa hisabati, aliielezea mwaka 1858, na mwanahisabati mwenzie Listing mwaka huo huo kila mtu kivyake. Nikawauliza nikiikata katikati kuzunguka nitapata pete ngapi? Mbili, wote, kwa sauti moja, wakinihurumia kwa swali jepesi. Wakakata. Pete moja, ndefu mara mbili. Mmoja akasema nimewabadilishia karatasi. Wakakata upya kwa macho yao. Moja. Halafu nikawaambia mkate sio katikati, theluthi moja kutoka ukingoni, mzunguke mara mbili, na zikatoka mbili zilizoshikana kama mnyororo, moja ndefu moja fupi. Kelele zile hata sizielezei. Hakuna aliyeuliza kama bakuli limekauka. Wazazi wamekuja, watoto hawataki kuondoka, na mabakuli yamesahaulika kwenye dirisha.

WIKI YA 4

Sita yamevuliwa. Mafuta ya mgando yamefanya kazi, isipokuwa sehemu moja kwenye ukingo ambapo mtu alipaka kidogo mno, pale nimeingiza kijiko butu nikazungusha. Ukingo tumeupunguza kwa mkasi kisha tukauzungushia vipande vidogo vya gazeti kuufunga, bila hivyo safu zinaachana.

Rangi: kwanza nyeupe kila mahali, maandishi yapotee. Nikaweka nyekundu, njano na bluu tu, kijani na zambarau watengeneze. Kufikia nusu saa meza ilikuwa na kahawia za aina saba, maana zote tatu zikikutana huko ndiko zinakoishia, na mtoto haachi kuchanganya pale palipopendeza, anaachia mbele kidogo. Maji ya brashi nayo nilibadilisha mara nyingi, next time vikombe viwili kwa kila mtoto, kimoja cha kuoshea kimoja cha kusuuzia.

Bado kupaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, mara mbili, kwa ajili ya kung'arisha. Na wajue haya ni ya kuwekea shanga na vifutio, maji hapana.

Lile la ukungu nimelitupa. Nilitaka kumtengenezea lingine kimya kimya afike alikute dirishani na wenzake, nikachana hadi vipande kama kumi hivi, nikaacha. Jumamosi namwambia, anaanza safu ya kwanza wakati wenzie wanang'arisha, na wa mkono wa kushoto ameshaniambia atamsaidia kukata ukingo.